Picha za makuruta: kuanzia siku ya kunyolewa hadi gwaride la mwisho (uzi mrefu)

FotoKatuba

Jambo yenu wote. Juma lililopita kijana mmoja aliniletea simu yake pale studio, Katuba, akitaka nimtolee picha kubwa ya gwaride la kaka yake. Nikaifungua. Makuruta kama mia mbili, jua la saa sita juu ya vichwa, wote wamenyolewa, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi, na chini ya kila kofia ni giza tupu. Nikamuuliza kaka yake ni yupi. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akapita mstari wa kwanza, wa pili, akarudi tena mwanzo. Mama yao alikuwa amesimama nyuma yake, hajasema neno. Yeye ndiye aliyemtambua, kwa masikio.

Ndiyo sababu nafungua uzi huu. Nafanya kazi hii hapa Lubumbashi tangu 2004, na kosa hili naliona kila mwaka: mzazi anatutuma tumpigie mtoto wake, sisi tunamletea picha ya jeshi. Nitaandika kwa vipande kati ya wateja. Mwenye swali aulize tu.

FotoKatuba

Naanza kabla ya kambi, kwa maana wengi wanaanza wakati wamekwisha kuchelewa.

Mwisho wa 2022, baada ya Rais Tshisekedi kuwaita vijana waingie jeshini (hotuba ya tarehe 3 Novemba), studio yangu ilijaa. Walikuja kutafuta foto pasipoti za faili. Shati la kuazima, jasho kwenye paji la uso, mwenzake anamngojea mlangoni. Namkalisha kwenye kigoda, kitambaa cheupe nyuma, foto nne, anakwenda. Siku ya tatu aliingia mama mmoja na mwanawe. Tulipomaliza zile nne, mama akaniambia: "Shefu, sasa umupige moja akicheka, ile ni ya miye." Kijana hakucheka. Mama akamwambia neno kwa Kiluba, sikulisikia vizuri, kijana akainamisha kichwa kwa haya, na wakati anakiinua ndipo nilipobonyeza.

Kijana yule alikwenda Kamina, kwenye kambi ya mafunzo. Mama alirudi mara mbili kunitaka nimtolee nakala nyingine ya picha ile ile, moja ya mama mkubwa wa mtoto, nyingine ya kuweka ndani ya Biblia. Tangu hapo kila anayekuja kwa foto za faili ya jeshi nampiga na ya tano, silipishi, uso wake kama unavyokaa nyumbani. Naziweka kwenye diski mbili, jina na tarehe. Kama una ndugu anayeondoka kesho, acha kusoma, mpige leo. Karibu na dirisha, taa ya flashi imezimwa, nywele zake zingali kichwani.

Nyota_Ruashi

Yaya, aksanti sana kwa hii. Mudogo yangu iko anamaliza mafunzo, banatuambia familia inaweza kuingia siku ya gwaride. Niko na simu, na kamera ya kuazima yenye lenzi mbili, ile fupi na ile ya kuvuta. Ile giza ya chini ya kofia, mutu anaitosha namna gani?

FotoKatuba

Swali zuri, Nyota, na ndilo lenye kazi kubwa.

Kamera haijui kwamba unataka uso. Inaona mbingu nyeupe, inaona uwanja unaong'aa, inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza kila kitu. Ngozi yetu nyeusi chini ya ukingo wa kofia ndiyo inayolipa. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole mpaka kile kiduara kitokee, kisha sukuma alama ya jua juu kidogo. Mbingu itakuwa nyeupe kabisa, iache iwe nyeupe, hakuna mzazi atakayekuuliza habari za mbingu. Kwenye kamera, ongeza mwanga hatua moja nzima, wakati mwingine moja na nusu. Makuruta wakitembea weka kasi ya shata 1/500, la sivyo mikono na buti vinakuwa moshi. Na mtu akiwa amesimama tu, kama kamera ina flashi, iwashe hata mchana wa jua kali. Mtu akiwa mita tatu au nne mbele yako, flashi ndogo inaingia chini ya kofia na kumfungulia macho.

Tazama pia ardhi. Uwanja wa saruji au wa mchanga mweupe unarudisha mwanga kutoka chini, unakusaidia bila wewe kufanya lolote. Udongo wetu mwekundu unarudisha kidogo, na unapaka mashavu rangi ya matofali, hasa kiangazi wakati vumbi liko juu. Majani hayarudishi kitu.

Lakini sikiliza, picha utakayoitundika haitatoka kwenye gwaride. Itatoka robo saa baada yake, wakati safu zimevunjwa na vijana wanatafuta watu wao. Mchukue mudogo wako chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta, asimame ukingoni mwa kivuli, uso wake uelekee kule kwenye mwanga. Mwambie avue kofia na aishike mkononi. Ngoja apumue mara mbili. Hapo utaona uso unarudi, maana saa tatu nzima alikuwa ameukaza.

SodaMustaafu

Niruhusu niongeze, FotoKatuba. Nimekaa jeshini miaka mingi, magwaride nimeyatembea na nimeyafundisha. Wapiga picha wengi wanajipanga mahali pasipofaa, wanapata migongo na viwiko.

Kikosi kikipita mbele ya jukwaa, inatolewa amri, na vichwa vyote vinageuka kulia kumwangalia mkubwa. Yule wa mwisho kulia peke yake ndiye hageuzi, anaangalia mbele ili mstari usipinde. Kwa hiyo simama upande wa jukwaa, kando yake kidogo, kule kikosi kinakoelekea. Amri ikitoka, nyuso zote zinakuja kwako pamoja, na kidevu kimepanda, kwa hiyo hata ile giza ya kofia inapungua. Ni hatua chache tu, usiwe unabadilisha lenzi wakati ule.

Jambo la pili. Kuruta anayetambaa kwenye matope, anayetapika baada ya mbio, anayeadhibiwa, usimpige. Hata kama umepewa ruhusa. Wakati ule hana uwezo wa kukukatalia.

FotoKatuba

Mukubwa, aksanti. La kichwa kulia nililijua kwa bahati tu, nilikuwa nalisubiri bila kujua sababu. Na la pili nalitia sahihi. Nimeona vijana wakichekwa mtaani kwa picha ya namna hiyo hata miaka kupita.

Sasa ruhusa, kwa maana hapo niliumia mwenyewe. Hapa kwetu kambi ya jeshi haipigwi picha, kama vile uwanja wa ndege, daraja, na mpaka. Siku ya gwaride wanafungua mlango kwa familia, lakini kinachofunguliwa ni uwanja wa gwaride tu. Mwaka mmoja, katika kambi ambayo sitaitaja, nilikuwa na barua ya ruhusa, ina muhuri, ina sahihi. Wakati wa kutoka nikaona mwanga mzuri kwenye lango, nikapiga picha moja. Barua ilisema gwaride. Haikusema lango. Walichukua kadi ya kamera, na ndani ya kadi mlikuwa na asubuhi nzima ya vijana wale. Wazazi kumi na wawili walikuwa wamekwisha kunilipa nusu. Niliwarudishia pesa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na baba mmoja alikataa kuzipokea. Alisema yeye alilipia picha, pesa atazifanyia nini? Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Basi fanya hivi: fika mapema, mtafute ofisa anayepokea wageni, umwonyeshe kamera kabla hajaiona mwenyewe, umuulize mpaka ni wapi. Ukipita mpaka huo, kamera iwe ndani ya mfuko.

YayaBelair

Sisi tulipata foto za groupe tu, kila kikosi foto moja, bana bote babenye foulard ya rangi moja. Je, ile nayo haitoshi? Iko muzuri kwa ukumbusho.

FotoKatuba

Yaya, inatosha kama nyuma yake kuna majina. Nikueleze kwa nini.

Babu yangu alikuwa wa Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji. Alikuwa kati ya wale waliopelekwa Ethiopia mwaka 1941, waliopigana Asosa na Saio na Waitalia, mpaka jenerali wao Gazzera akajisalimisha pale Saio mwezi wa saba. Tuna picha moja tu ya ujana wake. Wamesimama arobaini kwenye ngazi, safu nne, mikono mgongoni, na nyuma ya picha kuna namba ya kikosi kwa wino wa buluu uliofifia. Majina hakuna. Bibi alikuwa anaonyesha mtu wa safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto. Baba yangu, aliyemjua akiwa mzee, alisema hapana, ni yule wa juu mwenye mabega mapana. Wote wawili wamekwisha kufa. Picha iko ukutani kwangu, naiangalia kila siku, na sijui nimwangalie nani.

Kwa hiyo ukipiga kundi: mara kabla hawajatawanyika, mpe mmoja wao kalamu na karatasi, waandike safu kwa safu kutoka kushoto, jina na jina la baba. Inachukua dakika tano. Au piga picha ya pili kwa karibu ukipitisha kamera polepole kwenye vitambulisho vya kifuani. Vichwa vikinyolewa wote wanakuwa ndugu, hata wewe uliyewapiga utasahau jioni ile ile.

Nyota_Ruashi

Ile ya babu imeniuma. Nitaandika majina.

Yaya, na kule inje banafanya namna gani? Nimeona ma vidio ya Marekani, familia inakuja, batu banalia.

FotoKatuba

Hilo naweza kulisema, kwa sababu liko ndani ya familia yetu.

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa wa hapa Kampemba, ana mtoto aliyeshinda bahati nasibu ya viza, akaenda na kadi ya kijani, na baada ya miaka miwili akaingia jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwenye kadi ile anaruhusiwa hata kabla hajapata uraia. Walimpeleka Fort Jackson, jimbo la South Carolina, mafunzo ya msingi ya wiki kumi. Simu walizichukua, wakawa wanaandikiana barua za karatasi. Yaya alikuwa analeta barua kwangu nimsomee mwandiko.

Picha ya kwanza iliyofika ilikuwa ya heshima kabisa: koti la sherehe, bendera nyuma, uso wa mawe. Yaya aliionyesha kanisani. Baadaye mtoto alitueleza ilivyopigwa. Ilikuwa siku zake za mwanzo kabisa, hajajifunza hata kutembea kwa hatua. Koti ni moja, limepasuliwa mgongoni, unaingiza mikono kutoka mbele kama vazi la daktari wa upasuaji, wanalifunga nyuma, kofia kichwani, flashi, anayefuata. Chini alikuwa na suruali ya mazoezi. Kule kuna watu wanaofanya biashara hiyo, wanauzia familia picha na vitabu vya kumbukumbu. Sisemi ni vibaya. Mzazi anapata picha kali mapema. Ila mimi mpiga picha ilinikaa moyoni kwamba wamemvika usoni kitu ambacho bado alikuwa hajakipata.

Sasa siku ya familia. Makuruta wanasimama uwanjani, wamejipanga, hawatikisiki, na sheria ni kwamba hakuna anayetoka kwenye mstari mpaka mtu wake aje kumgusa begani. Mama anapita kati ya safu anatafuta, mtoto anamwona lakini hawezi hata kugeuza jicho. Anaguswa, ndipo anakuwa huru.

Yaya alikuwa hapa. Hakuwa na viza. Kule ilikuwa asubuhi, hapa saa tisa alasiri, tumekaa kwake tunaangalia simu kama itaita. Mtoto alisimama mpaka wenzake wengi wakaisha kuondoka. Mama wa mwenzake wa kitanda cha juu, mama ambaye hakumjua kabisa, aliambiwa na mwanawe kwamba yule naye hana mtu, akarudi uwanjani akamgusa. Mwenzake alipiga kwa simu. Haikutulia vizuri, upeo umeinama, nusu ya kichwa cha mtu mwingine imeingia. Ila mkono wa mama yule upo begani, vidole vimefunguka, na macho ya mtoto wetu bado yanaangalia mbele, habari haijamfikia.

Nilimtolea yaya zote mbili. Ya bendera iko saloni kwa ajili ya wageni. Ya mkono aliniomba sentimita 30 kwa 40, iko chumbani kwake.

SodaMustaafu

Ile ya mkono ningeitundika saloni miye.

FotoKatuba

Nilimwambia hivyo hivyo, mukubwa. Alisema wageni watauliza yule mama ni nani.

Jambo la mwisho nililotaka kuandika ni usalama, na hapa naomba msome polepole. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa namba kamili. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ile habari inafutwa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, inakwenda nayo. Zima eneo kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia kambini. Usiweke mtandaoni picha inayoonyesha jina kifuani, alama ya kikosi na uso pamoja, hata kama una fahari kiasi gani. Nchi iko vitani. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kuna familia zinazoishi na hofu kwa sababu ya picha moja ya siku ya furaha.

MwanaBukavu

Jambo mukubwa. Mi niko Bukavu. Nimesoma uzi yote tangu juu, sikuwa na mupango ya kuandika.

Foto ya kaka yangu na kombati ilikuwa ku ukuta ya saloni. Mwezi wa pili 2025, ile wiki yenye baliingia, mama aliishusha usiku, akaitosha mu fremu, akaichoma ku mbabula. Mi nilikuwa napepea moto. Fremu hakuichoma, alisema ni ya pesa. Aliirudisha ku msumari, tupu, na mupaka leo iko vile. Mutu akiuliza anasema kioo kilianguka.

Kaka iko muzima, iko mbali. Miye nabakia na foto moja mu simu, yenye alinitumia, lakini ni ya kombati tena. Ya zamani zote zilipotea na simu ya mama. Je, kuna namna?

FotoKatuba

Mdogo wangu, pole sana. Usiiweke hapa. Nitumie kwa faragha, kisha uifute kwako, mimi nitakutunzia.

FotoKatuba

Kwa wengine wanaoweza kuhitaji, naandika nilichofanya, bila kumwonyesha mtu.

Picha iko nusu mwili, imepitia WhatsApp, imechoka. Nimekata kutoka kwenye paji la uso hadi chini kidogo ya kidevu. Uso umebaki na pikseli kama 500 kwa upana, hiyo inatosha kwa 9 kwa 13. Ukiikuza zaidi ngozi inakuwa vigae. Kola ya kombati ilikuwa inaonekana kama ukucha upande wa kushoto. Kuna wenzangu wangechora shati la kiraia pale. Mimi sichori. Nimepandisha mkato wa chini milimita mbili, kola imetoka, na kidevu kimekaa karibu na ukingo kuliko ninavyopenda. Kivuli cha kofia nimekiinua mpaka macho yakaonekana, kofia yenyewe haimo, nimekata chini ya ukingo wake, kwa hiyo paji la uso ni nusu.

Fremu yenu ni 13 kwa 18, umeniambia. Basi mtafute anayechapa picha huko, aitoe 9 kwa 13 hivyo hivyo. Chukua katoni nyeupe ya boksi la viatu, kata tundu la 8 kwa 12 katikati, weka picha nyuma yake, itajaza fremu na itaonekana imefanywa kwa makusudi. Faili nimeipa jina la kawaida, halina neno lolote. Nakala iko kwenye diski zangu zote mbili, pamoja na zile za vijana wa 2022.

MwanaBukavu

Aksanti mukubwa. Foto imeingia mu fremu jana mangaribi. Katoni nilikata mara mbili, ya kwanza iliharibika. Mama hakusema kitu kwanza, alileta kiti akaa mbele yake na sahani ya chakula. Kisha akauliza nani alimunyoa vile, na juu ya nini alimuachia nywele nyuma ya sikio.